DIWANI HAKUCHAGULIWA KUNUNUA MAJENEZA

Ndugu wafanyakazi,

Neno langu safari hii ni juu ya mtu ambaye tunamchagua kwa kelele nyingi kila miaka mitano, kisha tunamtwika mizigo isiyo yake, na mwisho tunamtukana kwa kuwa hakufanya kazi yake. Mtu huyo ni mwakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti. Vijana wanamwita emsiei, lakini wengi wetu bado twamwita diwani, kama walivyoitwa wale wa halmashauri za zamani. Nami nitatumia jina hilo, maana kila mtu analijua.

Katika Kenya ziko kaunti 47 na wadi 1,450, na kila wadi ina diwani mmoja wa kuchaguliwa. Basi hakuna mwanachama wetu asiye na diwani, awe anakaa Changamwe, Nakuru au Kisumu. Lakini ukiwauliza watu kumi kazi ya diwani ni nini, tisa watakuambia: ni kusaidia watu. Jibu hilo ndilo linalotuponza, na ndilo ninalotaka tulitazame leo.

Tazameni siku ya diwani ilivyo. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi watu wamekwisha kaa langoni kwake. Wa kwanza ana maiti mochari na bili haijalipwa. Wa pili mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Wa tatu ndugu yake ameshikwa na kanjo kwa kuuza ndizi njiani. Wa nne anataka kazi, hata ya kufagia. Wa tano hana shida yo yote, amepita kusalimu tu, lakini haondoki mpaka apewe nauli. Huku nyuma simu inalia bila kupumzika. Saa nne kuna mazishi, na lazima aonekane, tena aseme maneno, tena atoe bahasha. Saa nane ni harambee. Jioni vijana wa mpira wanataka jezi. Jumamosi ni mazishi matatu na harusi mbili, na Jumapili anatakiwa makanisani.

Kazi hiyo ni nyingi, sikatai. Mtu huyo analala amechoka kama mtu wa gengi aliyebeba mataruma mchana kutwa. Lakini hebu mniambie, katika hayo yote, kazi ya diwani iko wapi?

Kazi yake imeandikwa, si siri. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inasema diwani atakuwa karibu na watu waliomchagua, na atawauliza maoni juu ya mambo yanayozungumzwa bungeni. Atayapeleka maoni hayo na mapendekezo yao katika Bunge la Kaunti. Atahudhuria vikao vya bunge na vya kamati zake. Atakuwa kiungo kati ya bunge na watu katika mambo ya huduma za umma. Tena, kama ana ujuzi wa kazi fulani, atautoa katika mazungumzo ya bunge. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 185, imelipa bunge hilo uwezo wa kutunga sheria za kaunti, kuisimamia serikali ya kaunti, na kupokea na kupitisha mipango ya mali na ujenzi wa kaunti.

Sasa sikilizeni neno ambalo wengi hawajalisikia. Kifungu hicho hicho cha 9 kinamkataza diwani kuingia katika kazi za utawala wa kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mtumishi wa kaunti. Kisheria si yeye wa kuleta trekta, wala kugawa dawa zahanati, wala kuandika watu kazi. Sababu yake mtu wa kazi anaielewa upesi. Anayehesabu fedha za sanduku hafai kuwa ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku. Diwani akiwa ndiye aliyejenga mtaro, nani atamwuliza kwa nini mtaro umebomoka kabla ya mvua ya pili? Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya 2013 ya ule mfuko wa maeneo ya uwakilishi bungeni, na moja katika sababu zake ilikuwa ni kuchanganya kazi ya mtunga sheria na kazi ya serikali.

Basi kazi ya diwani ni ya macho, masikio na mdomo. Wengine watasema hiyo ni kazi rahisi, ya kukaa kitini. Si rahisi. Nitawaonyesha kwa jambo moja tu, nalo ni bajeti.

Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza tarehe 1 Julai. Lakini safari yake inaanza mbali. Ifikapo 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, serikali ya kaunti inatakiwa iwe imeleta bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka. Ifikapo 28 Februari huletwa karatasi ya mkakati wa fedha, inayosema kila idara itapata kiasi gani, na bunge lina siku 14 tu za kuizungumza. Ifikapo 30 Aprili huletwa makadirio yenyewe, na kabla ya 30 Juni lazima yawe yamepitishwa. Kisha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi 6 baada ya mwaka kwisha kukagua vitabu na kutoa ripoti, na bunge likiipokea lina miezi 3 ya kuizungumza na kuchukua hatua.

Hizo ndizo stesheni za bajeti, ndugu zangu. Gari likipita stesheni, halirudi kumchukua mtu aliyekuwa matangani. Kama mtaa wenu hauna taa, na diwani hakusema neno mwezi wa Februari na mwezi wa Mei, basi mnaweza kupiga kelele mwezi wa Agosti mpaka sauti ikauke, lakini fedha zimekwisha gawanywa.

Makadirio hayo ni kitabu kinene. Diwani anatakiwa akisome mstari kwa mstari, aone kama choo cha soko lenu kimo, na kama choo hicho hicho hakikulipiwa mwaka jana na mwaka juzi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa hesabu ya miaka kadhaa, iende katika maendeleo. Nani wa kuangalia kama inakwenda huko au inakwenda katika safari na chai? Ni diwani. Kodi anayolipa mama anayeuza nyanya sokoni, na leseni ya kibanda cha mke wako, hutoka katika sheria ya fedha inayopitishwa na madiwani hao hao. Mtu akitaka kupandisha ada ya soko, diwani awepo na awe amekwisha kuwauliza akina mama. Tena mawaziri wa kaunti wanaoteuliwa na gavana lazima wahojiwe na kupitishwa na bunge. Kila kamati ina vitabu vyake, maswali yake na mahali pa kwenda kukagua.

Mtu atasoma yote hayo saa ngapi, ikiwa tangu alfajiri hadi usiku yuko langoni na makaburini? Mimi nasema hawezi. Akifika bungeni amechoka, anasinzia, karatasi ikipita anainua mkono kwa kuwa jirani yake ameinua. Na wako ambao hawafiki. Katiba, kifungu cha 194, inasema diwani akikosa vikao 8 bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na asiwe na sababu ya kuridhisha, kiti chake ni wazi. Je, katika tawi letu kuna mtu aliyewahi kuhesabu vikao vya diwani wake? Hesabu tunayoijua sisi ni ya mazishi aliyohudhuria.

Desturi hii ilitoka wapi? Mimi naona ina mizizi katika mambo ya zamani. Baada ya uhuru, halmashauri za wilaya, zilizoitwa kaunti kansili, zilikuwa na kazi kubwa: shule za msingi, afya na barabara. Kisha ilitungwa sheria mwaka 1969, na tangu 1970 kazi hizo tatu zikachukuliwa na serikali kuu. Miji mikubwa ilibaki na kazi zake, lakini huko wilayani diwani aliachwa na masoko, leseni na machinjio. Hata Nairobi kwenyewe, kutoka 1983 hadi 1992 baraza la kuchaguliwa liliondolewa, na mji ukaongozwa na tume. Diwani asiye na uwezo wa kujenga zahanati angewapa watu nini ili wamkumbuke? Alibaki na salamu, harambee na kibanda cha sokoni. Watu wakazoea, naye akazoea.

Lakini mwaka 2013 halmashauri zile 175 zilikwisha, kaunti zikaanza, na mambo yakageuka. Katiba inasema kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea, barabara za kaunti, taa za njiani, mitaro ya maji ya mvua, takataka, masoko, zimamoto, vyote ni vya kaunti. Diwani wa leo ana uwezo ambao diwani wa 1975 hakuuota. Ila sisi tunaendelea kumwomba vile vile tulivyomwomba yule wa 1975. Tumepewa injini mpya, nasi bado tunaisukuma kwa mikono.

Tena tunamwuliza mambo yasiyo yake hata kidogo. Shule za msingi na za sekondari, polisi, barabara kuu za taifa, na reli yetu wenyewe, hizo ni kazi za serikali kuu. Ukitaka kusema juu ya hizo, mwone mbunge. Lakini njia ile tunayopita kwa miguu kutoka mtaani kwenda stesheni saa tisa ya usiku kwa zamu ya alfajiri, kama ni barabara ya kaunti na haina taa, hilo ni la diwani. Mtu wa zamu akipigwa na wezi gizani, huwezi kusema ni bahati mbaya tu. Uliza taa ziliandikwa katika bajeti ya mwaka gani, na nani alilipwa. Tena kumbukeni kwamba kila wadi ina mtu mwingine anayeitwa msimamizi wa wadi. Huyo ameajiriwa na kaunti, na ndiye wa kupelekewa habari za takataka zisizozolewa na bomba lililopasuka. Asipofanya, ndipo tumwendee diwani, naye awaulize wakubwa wake.

Waliosoma Biblia watamkumbuka Musa. Alikaa kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, mpaka mkwewe Yethro akamwambia jambo hilo si jema, atachoka yeye na watu wake pia. Akamshauri achague wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, na yale makubwa tu ndiyo yaletwe kwake. Sisi hatujamsikia Yethro mpaka leo. Hata shida ya nauli tunampelekea Musa.

Sasa nayajua majibu ya watu. La kwanza wanasema: diwani analipwa mshahara mzuri kutoka kodi yetu, acha atoe. Ndugu yangu, mshahara ule ni malipo ya kazi, kama wako ulivyo malipo ya kazi. Tena fanya hesabu. Mtu anayetoa bahasha kila siku, mazishi, karo, jezi, makanisa, atamaliza mshahara wake kabla ya mwezi kufika katikati. Zinazobaki anatoa wapi? Mara nyingi mwenye fedha za kumpa ni yule anayetaka tenda ya kujenga mtaro. Akisha kula fedha za huyo, atamwuliza vipi juu ya saruji? Kwa hiyo lile jeneza tulilonunuliwa tumelilipa sisi wenyewe kwa mtaro mbovu, na maji yakiingia nyumbani tunalilipa mara ya pili.

Jibu la pili ni zito zaidi. Wanasema: mtu akifiwa leo hawezi kungoja bajeti, na mtoto aliyefukuzwa shule hawezi kungoja Septemba. Hiyo ni kweli, wala sisemi mfiwa aachwe peke yake. Nasema msaada huo una mahali pake. Babu zetu walikuwa na vyama vya kufa na kuzikana, na sisi watu wa chama cha wafanyakazi tungekuwa walimu wa jambo hili. Watu 60 wakitoa shilingi 200 kila mwezi, hiyo ni shilingi 12,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 144,000. Mfiwa ataichukua kama haki yake, bila kukaa langoni kwa mtu, na bila kudaiwa kura. Basari za kaunti nazo, mahali zilipo, zitolewe kwa majina yaliyobandikwa hadharani, si kwa kupita mlango wa nyuma.

Wala sitaki mtu afikiri ninamtetea diwani. Diwani mvivu anaipenda sana kazi ya bahasha. Ni rahisi kuliko kazi yake. Kutoa elfu mbili kanisani na kupigiwa makofi ni kazi ya dakika tano. Kusimama bungeni na kumwuliza waziri wa kaunti kwa nini zahanati haina dawa kunataka kusoma, kunataka ushujaa, na pengine kutamkosanisha na gavana. Maadamu sisi tunampigia makofi kwa bahasha, kwa nini ajisumbue kwa lile la pili? Sisi ndio tunaomlipa kwa uvivu.

Tufikirie stiwadi wetu wa chama. Tunajua kazi yake. Mtu akishitakiwa kazini anamwita stiwadi aje akae naye asikilizwe, maana Sheria ya Ajira ya 2007 inampa haki hiyo. Hatumwombi stiwadi atulipie kodi ya nyumba, na mtu akimwomba tutamcheka. Lakini stiwadi asipofika katika kikao cha mashauri, tunamwita kwenye mkutano wa tawi na kumwuliza mbele ya watu, na asipokuwa na jibu tunachagua mwingine. Basi diwani ni stiwadi wa mtaa. Tumpime kwa kipimo hicho hicho.

Naomba matawi yetu yafanye mambo haya:

1. Kila tawi liandike shida tatu tu za mtaa ambazo ni kazi ya kaunti, na barua hiyo ifike kwa diwani kabla ya Septemba, na nakala kwa karani wa Bunge la Kaunti. Shida ishirini ni kelele, lakini tatu ni kazi.

2. Kaunti inapoita watu kutoa maoni juu ya bajeti, tupeleke watu wawili au watatu wasio katika zamu, na wasiende mikono mitupu, waende na karatasi ile ile.

3. Tutumie haki yetu. Katiba, kifungu cha 196, inasema vikao vya Bunge la Kaunti na kamati zake viwe wazi kwa watu. Sheria ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema raia akiomba habari kwa ofisi ya umma, ajibiwe katika siku 21. Tuulize kwa barua, maana neno la mdomo halina nakala.

4. Kila mwaka baada ya Juni tumwite diwani kwenye mkutano, na maswali yawe manne: Ulihudhuria vikao vingapi? Ulisema nini? Lipi katika matatu yetu limo katika bajeti? Mkaguzi alisema nini juu ya kaunti yetu, na wewe ulifanya nini? Siku hiyo asiombwe hata senti ya soda.

5. Tawi lisilo na chama cha kufa na kuzikana lianzishe mwezi huu, hata kama ni watu kumi.

Mkifanya hivyo mtaona mambo mawili. Diwani mwema, bwana au bibi, atawashukuru, kwa kuwa mmempunguzia mzigo ambao si wake na kumpa nafasi ya kubeba ulio wake. Na diwani mbaya atakosa mahali pa kujificha, maana bahasha ndiyo iliyokuwa blanketi lake. Kama tulivyofanya katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022, tutapanga mstari tena siku ikifika. Tukienda katika mstari huo na orodha ya mazishi, tutapata mtu wa mazishi. Tukienda na orodha ya vikao na miradi, tutapata diwani.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwanachama wenu,
Mfanyakazi wa Reli